Jina la Korti

Kwa miaka kama tisa hivi, mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita alikuwa na rekodi mbaya kortini bila yeye kujua. Alikuwa mama mcha Mungu wa Kapseret, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na fimbo ya mpera, na fimbo hiyo niliijua vizuri kuliko ng'ombe walivyoijua. Kosa langu lilikuwa sehemu. Sikuelewa kwa nini namba moja ikae juu ya nyingine. Nilipokamatwa mjini mara ya kwanza, askari wa zamu aliniuliza jina bila kuinua kichwa, na jina la mwalimu ndilo lililonitoka. Sikuwa nimelipanga. Tangu siku hiyo, kila nilipokamatwa mimi aliandikwa yeye, na sitasema uongo kwamba jambo hilo liliwahi kuninyima usingizi.

Kila mmoja wetu alikuwa na jina la namna hiyo. Tuliliita jina la korti. Kitambulisho tulikiacha nyumbani chini ya godoro, na jina la kweli likabaki huko huko. Mmoja alitumia jina la wifi yake aliyemfukuza kwenye boma. Mwingine alitumia la landilodi wake wa zamani, na kila alipopigwa faini alitoka akitabasamu kama mtu aliyelipa kisasi. Sisi kwa sisi tuliitana kwa majina ya utani au ya mitaa tuliyotoka, kwa hivyo unaweza kukaa na mtu miaka sita, ukamuuguza malaria, na usijue mama yake alimwita nani.

Watu wa mikutano husema tulikuwa tunauza miili. Mimi wangu ninao mpaka leo, na magoti yake yananisumbua kila Julai. Tulikuwa tunafanya kazi ya ngono, katika mtaa mmoja wa Eldoret ambapo malori ya kwenda Turbo na mbele zaidi hupumzika, na kati yetu tulisema tu "naenda job". Siku hizi wasichana wa mtaa huo wanavaa fulana zenye maandishi, wanaalikwa kwenye warsha, wanapewa chai ya maziwa na mayai mawili. Huniita Mathe, yaani mama. Wananiuliza harakati za haki zetu zilianzaje, na naona kabisa wanangoja maandamano na mabomu ya machozi. Nawaambia zilianza siku stima ilipopotea.

Lakini kabla ya stima, nieleze Jumatatu zilivyokuwa. Waliokamatwa wikendi walipangwa kizimbani pamoja, wanane, kumi, na karani akasoma shitaka moja kwa wote: kwamba walipatikana wakizurura mahali pa umma kwa nia ya kufanya ukahaba. Kisha akauliza kama ni kweli au si kweli. Sisi tukajibu kwa pamoja, "Ni kweli," kwa sauti ile ile ambayo watu hujibu nayo "Amina" wakati sala imekuwa ndefu na chakula kinapoa. Hatukuwa tunakiri chochote. Tulikuwa tunataka kwenda nyumbani. Ukisema ni kweli, unapewa faini ndogo au siku kadhaa za kutumikia jamii, na jamii ilipenda kutumikiwa kwa fagio na kufyeka nyasi. Karibu kila ofisi ya serikali mjini humu, nyasi zake nimezifyeka mimi, na nikizipita leo nazikagua nione kama aliyenirithi anajua kazi.

Kikundi chetu kilizaliwa hapo kwenye fagio. Serikali ilitukusanya, ikatupa jembe na muda wa kuongea, nasi tukaongea. Mwenyekiti alikuwa mkubwa wetu kwa umri, mama wa Kikuyu ambaye wazazi wake walikuja kulima huku zamani; sote tulimwita Shosho, yaani bibi, ingawa alikuwa hajafika hamsini na alikuwa na kiuno cha kutisha. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu ya mwandiko. Tulipokwenda kujisajili, fomu iliuliza shughuli ya kikundi ni ipi. Shosho alifikiri kidogo, akaniambia niandike "usafi wa mji". Ofisa alitusifu sana. Alisema mji unahitaji akina mama kama sisi.

Mmoja katika kikundi ndiye mwenye hadithi hii. Tulimwita Mrefu, kwa sababu zilizo wazi. Alikaa Kiplombe katika nyumba ya chumba kimoja na kishamba cha sukuma wiki nyuma yake, na alikuwa na tabia ambayo sisi wengine hatukuwa nayo: alikuwa anapenda watu wagonjwa. Mtoto wa jirani akiharisha, ni yeye. Mzee akikataa dawa za presha, ni yeye aliyekaa naye mlangoni mpaka azimeze. Kwa hiyo baraza la mtaa lilipoitwa kuchagua wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopewa mkoba na kupita nyumba kwa nyumba, wanawake walitaja jina lake. Ilikuwa kura ya kuinua mikono. Nilikuwepo, na niliwaona wanaume fulani wakiinua mikono huku wakiangalia viatu vyao, kwa sababu kukataa kungeleta maswali na kukubali pia kungeleta maswali. Alipita.

Ilibaki karatasi moja tu, cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mrefu alikuwa amekamatwa mara nyingi kuliko mimi, lakini makosa yote hayo yalikuwa yamejaa kwenye jina la mke mwenza wake wa zamani. Jina lake mwenyewe lilikuwa jeupe pe. Nakumbuka alivyolisema siku hiyo, akikunja kitambulisho ndani ya leso: "Hili jina sijawahi kulitumia vibaya."

Tulikwenda naye mjini saa nne asubuhi kupiga kopi ya kitambulisho. Tulipofika dukani, stima ikapotea, mashine na taa zikazimika. Mwenye duka akasema itarudi sasa hivi, na kila mtu wa Eldoret anajua sasa hivi ya stima ina urefu gani. Mimi nilibaki ndani nikibishana naye kuhusu kiti. Mrefu alitoka akasimama mlangoni kuota jua, kwa kuwa asubuhi ilikuwa ya baridi. Alivaa sketi ya kufika magotini na sweta la kijivu la kanisa. Upande wa pili wa barabara wanariadha sita walikuwa wamesimama wakinyoosha miguu, wamevaa vikaptula ambavyo mimi hata kazini ningeona aibu. Lori la kanjo, wale askari wa manispaa, likaja. Halikusimama kwa wanariadha.

Nilisikia sauti yake nikatoka mbio. Walikuwa wameshamshika mkono. Askari mmoja wa kanjo alimjua uso kutoka zamani, na kwake hilo lilitosha. Na kwa kuwa kitambulisho kilikuwa mkononi mwa Mrefu, wazi, tayari kwa kopi, alikichukua akakisoma na kuandika jina lake la kweli, lote, matatu yote, kwenye daftari lake. Mrefu hakupiga kelele kuhusu mkono. Alilia kuhusu daftari. Lori likaondoka naye. Nilisimama pale nikiwa na hasira ya kutaka kuuma mtu, na stima ikarudi.

Tulikutana saloni, mahali pa mikutano yetu, mchana ule ule. Hapo ndipo alipokuwepo dada mmoja wa shirika la haki, mtu wa upande wa ziwa, aliyesoma sheria kidogo na ambaye alikuwa anatutembelea mara moja kwa mwezi na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Kusema haki, tulikuwa tunamvumilia kwa sababu ya soda. Siku hiyo tulimsikiliza. Shosho alimwambia kesho Mrefu atasema ni kweli, na jina litachafuka, na kazi ya afya itapewa mtu mwingine. Dada yule akauliza kwa nini aseme ni kweli.

Tulitazamana. Shosho akamweleza polepole, kama unavyomweleza mgeni, kwamba karani akiuliza kama ni kweli, mtu hujibu ni kweli.

"Lakini anauliza kama ni kweli ama si kweli," dada alisema. "Hamjawahi kusikia hiyo nusu ya pili?"

Nitakuwa mkweli hapa ingawa si sifa yangu kubwa. Miaka tisa nilikuwa nimesimama kizimbani nikisikia swali hilo, na sikuwahi kudhani lina majibu mawili. Nilidhani maneno "ama si kweli" ni sehemu ya wimbo. Wote tulidhani hivyo. Shosho alicheka mpaka akajishika kwenye drier ya nywele, na baadaye akasema amefyeka nyasi nyingi sana bure.

Asubuhi iliyofuata tulijaza viti vya nyuma vya korti. Karani alikuwa mzee mmoja mwembamba, shemasi wa kanisa, mtu wa adabu aliyekuwa akisoma mashtaka yetu haraka haraka kama anayepita mahali penye harufu. Alisoma. Akauliza. Na alikuwa tayari ameshika kalamu kuandika ni kweli, wakati Mrefu alipouliza kama anaweza kuelezwa kitu.

Hakimu, mama mwenye miwani, akamwambia aulize.

"Kuzurura ni nini?"

Karani akasema ni kutembea au kusimama ovyo bila kazi.

"Na ukahaba ni nini?"

Mzee wa watu alikohoa. Alitafuta neno la kanisa, hakulipata. Akatafuta la serikali, lilikuwa ni lile lile. "Ni ile kazi yenu," akasema.

"Basi, mheshimiwa, mimi nimechanganyikiwa," Mrefu akamwambia hakimu. "Ama nilikuwa bila kazi, ama nilikuwa kazini. Mnishtaki na moja."

Korti ilicheka, hata mahabusu wa wizi wa mahindi waliokuwa wakingoja zamu yao. Mimi sikucheka mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshika neno jingine. Shemasi alikuwa amesema kazi. Miaka yote hiyo tulikuwa tumeitwa uchafu, aibu ya mji, mtego wa Shetani, na leo mtu wa serikali, ndani ya korti, amesema kazi yenu, na hakuna mtu amemkosoa. Lilimponyoka, najua. Lakini neno likishatoka halirudi, na dada wa shirika alikuwa amelinukuu kabla halijapoa. Hakimu alimwambia karani aandike si kweli. Mrefu akaachiliwa kwa dhamana yake mwenyewe, kesi ikapewa tarehe.

Kabla tarehe hiyo haijafika, na kabla mimi sijashikwa na woga, mtaa mzima ulitufundisha sheria. Mwenye duka la kopi alijua mambo ya ushahidi kuliko jaji. Wahubiri wawili walituombea bila kuombwa. Shosho ndiye aliyetoa ile kauli ambayo mpaka leo iko kwenye fulana za wasichana. Shuleni, alisema, tulifundishwa penye nia pana njia. Kwa kanjo, penye njia pana nia. Mwanamke akionekana tu barabarani, nia anawekewa.

Woga wangu ulitokana na jambo dogo. Kesi ilihitaji shahidi wa kusema Mrefu alisimama pale akingoja stima. Mwenye duka la kopi alikubali kwanza, kisha akakumbuka kwamba leseni yake inatoka kwa watu wale wale wenye lori, akapata safari ya ghafla. Nilibaki mimi. Na shahidi huapa, hutaja jina, hutaja kazi. Kama ningetaja jina langu, karani angenigundua. Kizimbani mzee huyo hakuwahi kutuinulia macho, ndiyo maana Mrefu alimpita, lakini mimi nilikuwa nimefyeka nyasi za korti chini ya dirisha lake mara zisizo na idadi, na kila mara aliniandika kama mwalimu wa hesabu wa Kapseret. Kama ningetaja la mwalimu, ningekuwa nimeapa uongo, na wakili yeyote wa serikali angeomba kitambulisho. Kudanganya jina kwa polisi ni kosa lenyewe. Nilimwambia Mrefu wazi kwamba naogopa kufungwa. Hakunibembeleza. Aliniambia nikishindwa ataelewa, na akaendelea kuchuma sukuma wiki zake, na ni huko kuelewa kwake kulikoniudhi mpaka nikakubali.

Siku ya kesi niliwekwa nje, kama shahidi anavyowekwa, kwa hivyo habari za askari wa kanjo nilisimuliwa. Walisema alikula kiapo vizuri, akasema alimwona mshtakiwa amesimama. Hakimu akauliza amesimama vipi. Akasema amesimama tu, kwa dakika kama kumi. Akaulizwa alijuaje nia yake. Akasema alimjua uso. Hakimu akauliza kama nia iko usoni, na askari, ambaye hakuwa mtu mbaya kwa kweli, alikuwa mtu aliyezoea kutoulizwa, akasema kwa wengine iko. Alipoulizwa kuhusu wanariadha waliosimama ng'ambo, akasema wale ni wanariadha.

Kisha nikaitwa. Nilipita katikati ya viti. Niliinua mkono. Nikataja jina langu, lile nililopewa ubatizoni, na jina la baba, na la babu. Lilisikika geni hata masikioni mwangu. Karani akaacha kuandika.

Alinitazama. Nilimwona akipambana na nafsi yake, shemasi na karani ndani ya koti moja. Karani akashinda.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Huyu mama mimi namjua kwa jina lingine."

Akalitaja. Jina la mwalimu wangu likazunguka chumba chote, na nadhani ng'ombe wa Kapseret waliinua vichwa. Kiongozi wa mashtaka alisimama haraka kama aliyepata samaki. Akaomba korti ione kwamba shahidi ni mwongo, ana majina mawili, hawezi kuaminiwa. Hakimu akavua miwani.

"Jina lako la kweli ni lipi?"

Nikasema ni hili nililoapia, na nikatoa kitambulisho. Kilikuwa kimekunjika kona kwa kulaliwa.

"Na lile lingine?"

"Lile ni jina la korti, mheshimiwa."

Akauliza jina la korti ndiyo nini. Hapo nilikuwa nimetayarisha majibu matatu ya ujanja, na yote yalinitoroka. Nilimjibu nilichokijua.

"Ni jina unapeana ukijua hakuna mtu atakuuliza swali la pili."

Hakimu aliangalia meza yake, na naapa aliangalia kwa muda mrefu kuliko stima ilivyopotea. Kisha akanionya, kwa maneno makali niliyostahili, kwamba kuanzia leo korti hiyo itanijua kwa jina moja, na nikileta lingine nitalala ndani. Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni ile ile ambayo karani alisema ni kazi. Akaandika kitu. Sijui aliandika nini, lakini kiongozi wa mashtaka alikaa. Kisha akaniuliza habari ya siku ile, nami nikamweleza stima, kiti, kopi na jua.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Hakimu alisema kusimama si kosa, na kwamba nia haithibitishwi kwa uso. Alitaja jina la Mrefu lote, matatu yote, na kusema yuko huru. Mrefu alikaa pale pale kizimbani mpaka polisi akamwambia mama, unaweza kushuka. Shosho alikuwa analia kwa sauti ya kuudhi. Mimi nilikuwa nalia pia, lakini kwa adabu.

Tulipotoka, karani alinikuta kwenye varanda. Alisimama kando, akatazama uani ambako nyasi zilikuwa zimeota vibaya, akasema alifanya kazi yake tu. Nikamwambia hata mimi. Alifikiria hilo, na sina hakika kama alilipenda, lakini alinipa mkono.

Wasichana wa fulana wanapenda niishie hapo. Wanapiga makofi, wanasema ushindi. Na ni kweli, Jumatatu zilizofuata wanawake walianza kusema si kweli, mmoja mmoja, na kesi zikaanza kuchukua muda, na lori la kanjo likaanza kuona uvivu. Mrefu alipata cheti chake cha tabia njema. Alikuja nacho saloni ndani ya bahasha ya kaki, na kila mmoja akanawa mikono kabla ya kukishika.

Ila siku hiyo ya cheti ilitokea kitu kingine, na ndicho ninachokikumbuka nikiwa peke yangu. Shosho alisema kama Mrefu amesafisha jina lake, na katibu amelitoa la kwake hadharani, basi na sisi wengine tumechoka kujificha hata humu ndani. Akaniambia nifungue ukurasa mpya. Tukazunguka duara, kila mtu akataja jina lake la kweli, mimi nikaandika. Kulikuwa na vicheko vingi. Mmoja alikuwa na jina la heshima kiasi kwamba tulikataa kuliamini mpaka alete kitambulisho. Wawili waligundua ni wa ukoo mmoja kwa upande wa mama. Shosho mwenyewe aliitwa jina la msichana mdogo kabisa, la ua, na akatuonya tusilizoee.

Nilipofika mwisho wa orodha, nikauliza kama kuna aliyesahaulika. Mrefu akasema, "Na yule tuliyezika?"

Kulikuwa na mwenzetu aliyefariki miaka mitatu kabla ya hapo, kwa homa ya mapafu, siku nne tu. Tulimpeleka hospitali chini ya jina alilokuwa akitumia, na chini ya jina hilo tukamchukua chumba cha maiti, na mimi ndiye niliyeliandika kwenye msalaba wake makaburini kwa mwandiko huu mzuri wa ukatibu. Lilikuwa jina la korti. Nililijua kuwa la korti nilipokuwa nikiliandika. Hakuna aliyejua lingine, na tulikuwa na haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Pale saloni tukaulizana tena, na bado hakuna aliyejua. Tulijua anapenda chai bila sukari. Tulijua anaogopa paka. Nilifunga kitabu, na niliona aibu ambayo hakuna hakimu aliyewahi kunipa.

Kitu kimoja alikuwa amewahi kusema, kwamba kwao ni Turbo, karibu na maghala ya mahindi. Jumamosi hiyo tulikwenda watatu, Shosho, Mrefu na mimi, na picha moja ndani ya simu, yeye akiwa amecheka na kufumba jicho moja. Tulianzia sokoni. Wa kwanza hakumjua, wa pili akataka kujua sisi ni akina nani. Wa tatu alikuwa mama anayeuza nyanya. Alifuta mikono kwenye aproni, akaishika simu karibu na uso, na uso wake ukafunguka.

Akataja jina. Lilikuwa jina fupi, la kawaida, ambalo ungeweza kumwita mtu barabarani na watu wanne wakageuka. Akasema ni binti wa dada yake, walikuwa wamemtafuta mpaka wakachoka. Kisha akatazama nyuso zetu zote tatu kwa furaha, akauliza, "Hajambo? Yuko wapi siku hizi?"

Mrefu alikuwa amevaa beji yake mpya ya mhudumu wa afya, yenye picha na jina. Alizunguka meza ya nyanya, akamshika yule mama mabega, akamkalisha kwenye kreti, akachuchumaa mbele yake pamoja na urefu wake wote. Ni yeye aliyemwambia. Mimi na Shosho tulisimama tukiwahudumia wateja wake, kwa kuwa hatukujua la kufanya na mikono, na nadhani tuliuza nyanya kwa bei ya hasara.

Njiani tukirudi tulilirudia lile jina kwa zamu, ili lisipotee kabla hatujafika kwenye rangi na brashi. Sitaliandika hapa. Nililiandika kwenye msalaba wake, juu ya lile la zamani, kwa rangi nyeupe, siku mama yake alipokuja na wajomba wawili, na mama yake alisimama nyuma yangu akinitajia herufi moja moja, akinisahihisha.